Kifundo cha Mkono wa Kushoto

"Huyo Wiebe auzwe! Auzwe kesho asubuhi, na atakayemchukua tumshukuru!"

Sauti hiyo ilipaa juu ya foleni nzima ya chipsi kwenye uwanja wa barafu wa Sudbury, na watu waligeuka, wakatabasamu, wakarudi kwenye mambo yao. Aliyesema alikuwa Kaisa Lahtinen. Hakukuwa na shabiki wa Simbamangu, timu ya hoki ya mji huo, asiyeijua sauti ya Kaisa, hata kama hajawahi kumtia machoni, kwa sababu baada ya kila mechi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu kwenye kipindi cha redio cha mashabiki. Mchana alikuwa fundi wa duka la miwani, akikaza skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, mpole kama maji mtungini. Jioni, ikifika hoki, upole huo aliuacha mlangoni.

"Msimu una wiki tatu tu, bibie," mtu alisema nyuma yake. "Mkate haujaumuka, wewe umeshauita mbaya."

Kaisa aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa koti la rangi ya machungwa la wafanyakazi wa barabara wa manispaa, na kofia ya sufu iliyokaa upande. Ndevu zake fupi zilikuwa na povu la chokoleti ya moto.

"Mkate wenyewe hauna hamira," Kaisa alijibu. "Umemwona leo? Kisahani cha mchezo kinapita mbele yake anakisindikiza kwa macho tu. Hata mkwaju mmoja wa maana hajapiga tangu msimu uanze."

"Ametoa pasi mbili za mabao."

"Pasi! Hata bibi yangu angempa Beaulieu pasi. Yule Beaulieu ukimrushia kiatu anakitia golini. Wiebe ana miaka ishirini, kaka. Huu ndio mwaka wake wa mwisho kwenye ligi ya vijana. Timu kubwa isipomchukua sasa, ndiyo basi tena."

"Ndiyo maana nasema apewe muda. Anasoma mchezo kabla haujaandikwa. Mwangalie miguu, usimwangalie mikono."

"Miguu ningetaka kuitazama ningekwenda kutazama ngoma," Kaisa alisema, na foleni ikacheka. "Wewe ni wakili wake?"

"Mimi ni Fabien Séguin, wa mtaa wa Moulin-à-Fleur. Nasukuma theluji ikiwepo, nafukia mashimo isipokuwepo."

"Basi fukia na shimo lililopo pale winga ya kushoto."

Kengele ya kipindi cha tatu ililia. Kaisa alichukua chipsi zake zilizolowa mchuzi na jibini, akatembea akijua anatazamwa. Jezi yake ya kijani ilimfika karibu na magoti, na nywele zake za rangi ya majani makavu zilikuwa zimesukwa mkia mmoja mnene. Alipofika kwenye ngazi alirudi hatua chache.

"Una povu kwenye ndevu," alimwambia. "Na mimi ni Kaisa."

"Najua," Fabien alisema. "Mji mzima unajua."

Hivyo ndivyo walivyoanza, kwa ubishi, na kwa ubishi huohuo wakapendana. Kila baada ya mechi Kaisa alipiga simu redioni, akawapanga wachezaji mmoja mmoja na kuwapasha. Akimaliza tu, simu yake ililia.

"Umemuonea Kowalchuk," Fabien angesema.

"Beki anayeanguka peke yake? Nimemhurumia."

"Na Wiebe je? Leo umemwita mzigo."

"Mzigo ni mzigo, laazizi, hata ukiufunga utepe."

"Siku utakayomwomba radhi huyo kijana nitakuwepo, nitacheka."

"Siku hiyo utanioa," Kaisa aliropoka, mashavu yakamuwaka.

Oktoba yote walikaa pamoja uwanjani, wakanywa kahawa ndani ya pikapu lake karibu na Ziwa Ramsey vioo vikiwa vimejaa ukungu, wakabusiana kwa pua za baridi. Lakini palikuwa na jambo lililomkera Kaisa. Fabien hakuwahi kumpeleka kwao. Saa za chakula cha jioni hakupokea simu. Akiulizwa, aligeuza maneno. Kaisa alianza kuhisi kuna mwenzake mahali.

Jumamosi moja alimfuma dukani. Kigari cha Fabien kilijaa magaloni ya maziwa, mayai trei mbili, na maboksi manne ya nafaka tamu za asubuhi, zile zenye picha za katuni.

"Una watoto wangapi, Fabien?"

"Kaisa! Nini? Watoto?"

"Hizi ni nafaka za nani? Za kwako wewe na ndevu zako? Niambie una mke, niende zangu kwa miguu yangu."

Fabien alimtazama, akatazama maboksi, akaanza kucheka mpaka akaegemea friji la siagi.

"Mtoto ninaye mmoja," alisema akifuta machozi. "Ana futi sita na inchi tatu. Twende, maana leo hata nikiapa hutaniamini."

Nyumba ya kina Séguin ilinukia nyama ya nguruwe iliyookwa kwa vitunguu saumu na mbegu za bizari. Mama yake Fabien, Madamu Huguette Séguin, mjane mfupi mwenye aproni na lipstiki, alikuwa amekaa mezani. Na pembeni yake, akila kwa utaratibu, alikuwa Colby Wiebe, jezi namba kumi na saba.

Wachezaji wa ligi ile hutoka mbali, na kila klabu huwaweka kwenye nyumba za watu wa mjini, walelewe kama wa kuzaliwa. Madamu Séguin alikuwa amelea wachezaji wa Simbamangu kwa miaka ishirini. Picha zao zilijaa ukuta mzima wa ngazi, na wengine walikuwa sasa mababa wanaomwita mama.

"Kanuni ya nyumba hii," Fabien alimnong'oneza Kaisa, "ni kutotangaza nani analala hapa. Ndiyo maana."

Kaisa aliona aibu mpaka visigino. Wiebe alisimama, akamsalimu kwa adabu ya watu wa mashambani Saskatchewan.

"Hujambo, dada," alisema. Kisha akatabasamu kidogo. "Naijua hiyo sauti. Wewe ndiye Kaisa wa mtaa wa Donovan. Wenzangu huniwekea ile redio kwenye basi, wanichokoze."

"Mungu wangu," Kaisa alisema. "Nifukieni."

"Kaa ule kwanza," Madamu Séguin alisema. "Kufukiwa na njaa si vizuri."

Alipokaa ndipo alipoona. Madamu Séguin alivuta sahani ya Wiebe, akamkatia nyama vipande vidogovidogo, akairudisha. Kijana alikuwa anakula kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulilala mapajani, kifundo chake kimevimba na kuwa cha rangi ya zabibu.

Kaisa aliinua macho.

"Mfupa mdogo umepata ufa," Fabien alisema taratibu. "Tangu mechi ya kwanza. Daktari wa timu anajua, kocha anajua, na sasa wewe. Akifanyiwa upasuaji leo msimu umekwisha, na hana msimu mwingine. Wasaka vipaji wa timu kubwa wanakuja Novemba. Anataka waje wamkute kwenye barafu."

"Lakini timu ilitangaza ana jeraha dogo sehemu ya juu ya mwili."

"Sehemu ya juu ya mwili," Wiebe alirudia. "Hapo pana meno, pana bega, pana kila kitu. Wakijua ni wapi hasa, dada, wataniwinda hapohapo. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo."

Kaisa hakuhitaji kufundishwa. Alilelewa na hoki, alijua kwamba jeraha la mchezaji ni siri kuliko siri ya ndoa, na fimbo ya mpinzani huenda palipoambiwa. Aliweka mkono kifuani.

"Sitasema," aliapa. "Hata kwa mto wangu wa kulalia."

Aliapa kwa moyo mmoja, na kwa wiki mbili alikishika kiapo chake kama mtu aliyebeba yai. Akawa mtu wa nyumbani pale. Alimpigia pasi mashati Wiebe, akamfundisha Madamu Séguin chapati nyembamba za Kifini za maziwa na mayai, akabishana na Fabien kuhusu golikipa mpaka jikoni kukawa kama barazani. Uwanjani sasa aliangalia miguu. Aliona jinsi kijana yule alivyofika mahali kabla ya kisahani, alivyogeuza mwili ukutani ili agongwe upande wa kulia, alivyotoa pasi kwa mkono mmoja wenye nguvu na mmoja wa kuigiza. Kila alipogongwa, Kaisa alifumba macho. Alimpenda kama mdogo wake, na Fabien akampenda Kaisa zaidi kwa ajili hiyo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: Madamu Séguin alishaanza kumwita mkwe.

Kisha Simbamangu walifungwa mechi tatu mfululizo, na mji ukatafuta wa kumlaumu.

Jumanne hiyo theluji kubwa ya kwanza iliangukia Sudbury. Fabien alikuwa barabarani na greda lake la kusukuma theluji tangu alfajiri. Kaisa alikuwa peke yake nyumbani kwake, anapiga nguo pasi, redio imewashwa. Mwenye kipindi, Dorval, alipokea simu za mashabiki, na kila simu ilikuwa ya Wiebe. Hafungi. Hapigi. Analinda nafasi yake bure. Mwishowe akaja mzee mmoja wa Copper Cliff.

"Nitasema wasichotaka kusema wenzangu," mzee alisema. "Kijana ni mwoga. Tazameni anavyojigeuza akienda ukutani. Anaogopa kugongwa. Enzi zetu mwoga alivalishwa gauni."

Kaisa aliweka pasi chini. Mkono ulikwenda kwenye simu kabla akili haijafika.

"Kaisa wa Donovan!" Dorval alishangilia. "Tulidhani umetuhama!"

"Nipo. Nataka kumjibu huyo mzee."

"Si wewe uliyetaka Wiebe auzwe?"

"Nilikosea. Nakiri mbele ya mji mzima, nilikosea. Huyo mnayemwita mwoga, mngejua anachokibeba mngemvulia kofia. Hebu mzee ashike fimbo yeye, kifundo cha mkono kikiwa na ufa, agongwe na majitu yale kila dakika, halafu aje aniambie nani avae gauni!"

Ulimi hauna mfupa, na hakuna neno linalorudi kinywani.

"Kifundo?" Dorval aliuliza polepole. "Cha kushoto, siyo? Kumbe ndiyo maana anageuka..."

Kaisa alikata simu. Lakini kukata simu nako ni jibu.

Alikaa kitako sakafuni, pasi inaunguza shati, moshi unapanda. Alimpigia Fabien. Fabien hakupokea, kelele za greda hazikumruhusu kusikia. Akajifariji kama wajifarijivyo wenye hatia: nani anasikiliza redio siku ya theluji? Atamwambia kesho, uso kwa uso.

Kesho yake Fabien alifika mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akambeba juujuu na kumzungusha.

"Wanakuja Ijumaa!" alisema. "Wasaka vipaji! Kocha amempigia Mama. Colby amekula mayai sita kwa furaha. Mpenzi, vipi? Mbona umepoa?"

"Nimefurahi," Kaisa alisema. "Nimefurahi tu mpaka nimeishiwa."

"Usiishiwe. Ijumaa baada ya mechi nina neno nataka kukwambia mbele ya Mama. La kumwomba radhi mtu fulani, unakumbuka?"

Angesema pale. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, ule ulimi ambao haukuwahi kumkwama maisha yake yote. Siku aliyouhitaji ulikwama. Nyumba ya kina Séguin haikufungua redio ile kabisa, kwa sababu ya maneno waliyosemwa wachezaji, na Fabien alilala siku nzima iliyofuata. Hakuna aliyemwambia.

Wapinzani wa Ijumaa walikuwa wamesafiri na basi lao siku ile ya theluji, redio ya mashabiki imewashwa, kama mabasi yote ya timu yanavyokuwa.

Wiebe aliingia kwenye barafu namna ambayo mji haukuwahi kumwona. Dakika za mwanzo alimpita beki, akampita wa pili, akampa Beaulieu pasi iliyopita katikati ya miguu ya mtu, bao. Uwanja ulilipuka. Fabien alimkumbatia Kaisa mpaka mbavu zikalia.

"Umeona? Nilikwambia lini? Nilikwambia lini?"

Pale juu, nyuma ya kioo, wanaume wawili wenye makoti meusi waliandika kitu.

Zamu yake iliyofuata ya kuingia barafuni, mchezaji wa wageni alimpitia Wiebe karibu sana, kisahani kikiwa mbali kabisa, akashusha fimbo. Kifundo cha kushoto. Refa hakuona. Wiebe alijikunja, akajikunjua, akaendelea. Zamu ya pili, mwingine. Kifundo kilekile. Mlio wake ulifika mpaka safu za juu, kama mtu aliyevunja kuni kavu.

"Wanajua," Fabien alisema. Alikuwa amesimama. "Kaisa, wanajua. Wamejuaje?"

Mwanamke wa kiti cha mbele, mwema asiye na habari, aligeuka.

"Si ilisemwa redioni Jumanne?" alisema. "Wewe si ndiye uliyesema, dada? Ulimtetea vizuri sana."

Fabien alimgeukia Kaisa. Kaisa aliweka mikono yote miwili mdomoni, kama kwamba sasa ndio wakati wa kuuziba. Chini yao Colby Wiebe alikuwa amepiga magoti, glavu imeanguka, mkono umelegea upande usio wake. Fabien aliruka ngazi tatu tatu kuelekea vyumba vya wachezaji. Wanaume wa makoti meusi walifunga vitabu vyao kabla kipindi cha pili hakijaanza.

Mfupa ulikuwa vipande. Madaktari walisema atashika kijiko, atashika usukani wa trekta, fimbo ya hoki hapana. Klabu nayo iliuliza siri ilitokea nyumba ipi, na jibu halikuhitaji upelelezi. Madamu Séguin aliitwa ofisini, akashukuriwa kwa miaka yake ishirini, akaambiwa kwamba hatapewa mchezaji mwingine. Alirudi nyumbani, akashusha picha zote za ngazi, akazipanga kitandani kwenye chumba kitupu, akafunga mlango.

Kaisa alikwenda uwanja wa ndege siku Wiebe alipoondoka. Alijificha nyuma ya mashine ya kahawa mpaka Madamu Séguin alipokwenda msalani. Kijana alikuwa amekaa na plasta kubwa nyeupe.

"Colby, mdogo wangu, sijui niseme..."

"Nilijua, dada," Wiebe alisema.

"Ulijua nini?"

"Jumatano asubuhi wenzangu waliniambia. Kocha alitaka nikae nje Ijumaa. Nikamsihi anichezeshe, kwa sababu ya wale wasaka vipaji." Aliutazama mkono wake. "Nyumbani sikusema. Ningesema, Fabien angejua, mngegombana. Niliwaza labda itapita."

Angemtukana, Kaisa angepona. Alisimama pale akilia kwa sauti, watu wanapita na masanduku yao, na kijana yuleyule aliyeumizwa naye ndiye aliyemshika bega.

"Ila waliponichezea kile kipindi nilimsikia yule mzee alivyoniita," Wiebe alisema. "Hakuna mtu aliyewahi kunitetea namna ile."

Fabien alimfuata siku mbili baadaye, mchana, akapiga honi moja. Kaisa aliingia ndani ya pikapu. Hawakwenda ziwani. Walikaa palepale mbele ya nyumba, injini inanguruma.

"Nigombeze," Kaisa alisema. "Fabien, nakuomba, nigombeze."

"Sina hasira nawe. Nimeitafuta sikuipata."

"Basi tuanze upya. Nitaacha redio, nitaacha uwanja. Nitakwenda kwa Mama yako kwa magoti."

"Mama hawezi kukuona, Kaisa. Anasikia sauti yako tu kwenye simu yangu anaondoka jikoni. Hakuchukii. Hawezi tu." Alivua kofia yake, akaikunja. "Na hata angeweza. Ungekuwa mwongo ningekwambia acha uongo. Ungekuwa mlevi ningemwaga chupa. Lakini wewe ulisema kwa sababu ulimpenda. Ukimpenda mtu huwezi kunyamaza, na ndivyo nilivyokupenda, palepale kwenye foleni. Sasa nikwambie uache nini?"

Kaisa alijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Ulikuwa na neno Ijumaa ile," alisema. "Nilisikie tu, japo limekufa."

"Lilikuwa lile unalolidhani," Fabien alisema.

Alimshika shavu kwa kiganja chake kigumu, akakiacha hapo, na wote wawili walilia bila aibu. Kisha Kaisa alifungua mlango akashuka.

Desemba theluji ilianguka bila huruma. Greda likipita mtaani huacha tuta la theluji mbele ya kila geti, na watu wa Donovan huamka na kuchimba huku wakilaani manispaa. Mbele ya kwa Kaisa hapakuwa na tuta. Kila theluji ilipoanguka alisikia greda linakuja, linafika usawa wa nyumba yake, linainua chuma chake, linapita, linakishusha kwa jirani. Fabien hakusimama wala hakupiga honi. Kaisa alikaa nyuma ya pazia akihesabu hilo kuwa salamu, na kwa salamu hiyo aliishi mwezi mzima, akijiambia kwamba moyo unaoinua chuma unaweza kurudi.

Mwanzoni mwa Januari theluji ilianguka tena usiku kucha. Asubuhi Kaisa alisikia greda, akakimbilia dirishani na gauni lake la kulalia. Halikupunguza mwendo. Ndani palikuwa na mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani, anatafuna kitu.

"Mbona leo si Fabien?" alitoka mlangoni akamuuliza jirani yake, mzee Hrycay, aliyekuwa ameshaanza kuchimba upande wa pili wa ua.

"Ameomba abadilishiwe njia," mzee alisema. "Yuko upande wa kusini sasa. Mwenyewe ameomba, wanasema."

Mbele ya geti la Kaisa tuta lilikuwa limefika kiunoni, zito, limechanganyika na kokoto na chumvi ya barabarani, sawa na la kila mtu. Alirudi ndani, akavaa viatu vya manyoya na koti, akatafuta koleo.